Nyumba ya likizo mtandaoni: namna ya kuvuta wageni waliodhamiria kuja (Paje, Jambiani hadi Diani)

#1 – mwambao_kusini

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wenye nyumba za kupangisha kwa siku, hasa ukanda wa mashariki wa Unguja: Paje, Jambiani, Bwejuu, Michamvi. Kilio ni kilekile kila kijiwe: maulizo mengi, wanaolipa wachache, na wengine wanafuta siku mbili kabla ya kufika.

Ninavyoona mimi, mgeni asiye na nia huletwa na tangazo lisilosema kitu. Ukurasa ukiwa na maneno kama "nyumba nzuri karibu na bahari", kila mtu analazimika kuuliza, na anauliza nyumba ishirini kwa mpigo. Ukurasa ukisema yote, pamoja na yale tusiyopenda kuyasema, anayebaki kuandika ni yule aliyekwisha kuamua na anataka tu uhakika wa tarehe.

Naanza na bahari, kwa sababu ndiyo inayoleta maoni mabaya kuliko kitu chochote pwani yetu. Maji hupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au unapoandama, Paje na Jambiani hubaki mchanga mtupu na vidimbwi hadi karibu na mwamba. Mgeni aliyeona picha za maji yaliyojaa tu anafika saa nne asubuhi, haoni bahari, anajiona katapeliwa. Andika wazi: "Maji yakipwa huwezi kuogelea ufukweni kwa saa kadhaa, saa za kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku, jedwali la maji lipo sebuleni." Weka picha mbili kutoka sehemu moja, maji yamejaa na maji yamekupwa, ya pili ikionyesha akina mama wa mwani au watu wanatembea kuelekea mwambani. Picha ile ya pili inamfukuza anayetaka kuogelea wakati wowote, ambaye Nungwi au Kendwa kule kaskazini ingemfaa zaidi, na inamvuta yule anayependa kutembea kwenye maji ya magoti.

Msimu nao useme. Kaskazi, Disemba hadi Machi, na kusi, Juni hadi Septemba, ndizo nyakati za wenye kaiti, wale wanaoteleza majini wakivutwa na tiara. Anayecheza kaiti anatafuta upepo, kwa hiyo taja umbali wa kwenda sehemu ya kurushia. Familia yenye watoto wadogo inahitaji kujua kwamba miezi hiyo sehemu ya Paje hujaa kamba za kaiti. Masika, mwishoni mwa Machi hadi Mei, usiandike "mvua kidogo". Punguza bei, andika kwamba mvua ni kubwa na mikahawa mingine hufungwa.

Kisha vipimo. Umbali wa bahari kwa mita na kwa dakika za miguu ("mita 300, dakika 4, njia ya mchanga isiyo na taa"). Idadi ya ngazi kwenda chumba cha juu. Vitanda kwa sentimita: godoro la 6 kwa 6 ni sentimita 183 kila upande, la 5 kwa 6 ni 152 kwa 183, na mgeni mwenye urefu wa mita 1.90 ana haki ya kujua kwamba miguu itagusa mwisho. Feni ngapi, AC vyumba vipi, chandarua kipo au hakipo. Adhana ya alfajiri inasikika kutoka msikiti ulio mita ngapi. Kama baa jirani inapiga muziki Ijumaa hadi usiku mkubwa, taja siku na saa.

Wengine mtasema huku ni kuwatisha wageni. Anayeondoka kwa sababu ya adhana hakuwa mgeni wenu. Angekuja, angewapa nyota tatu, na nyota tatu zile zingewafukuzia wageni kumi.

---

#2 – ngalawa2

Mkuu umeeleza vizuri. Swali la haraka: wale wanaoandika "ipo wazi?" basi, bila tarehe wala idadi ya watu, wajibiwe au waachwe?

---

#3 – mwambao_kusini

Wajibiwe, tena haraka, kwa sababu kwa Airbnb, mtandao wa kupangisha nyumba kwa siku, kiwango chako cha kujibu kinahesabiwa, na ombi rasmi la kuweka nafasi huisha lenyewe usipolijibu ndani ya saa 24. Hata hadhi ya Superhost, ile ya wenyeji bora, inadai ujibu asilimia 90 au zaidi, wastani wa nyota usishuke chini ya 4.8 na kufuta kwako kuwe chini ya asilimia 1.

Jibu liwe moja kwa wote, limeandikwa tayari kwenye simu, na libebe maswali matatu:

"Karibu sana. Tarehe 12 hadi 18 ziko wazi. Kabla hatujathibitisha naomba kujua: mtakuwa wangapi, watoto na umri wao wakiwemo, mnaingia kwa ndege au kwa boti na saa ngapi, na kama mmesoma sehemu ya maji kupwa na ngazi za chumba cha juu. Nikipata majibu nakubali ombi leo hii."

Mwenye safari ya kweli anajibu kwa mistari miwili, tena mara nyingi anataja namba ya ndege. Asiye na safari hunyamaza au huuliza punguzo bila kugusa hata swali moja. Usibishane naye. Umeshajibu na kalenda bado iko wazi.

Angalizo: usikatae mtu kwa taifa lake, rangi au dini. Ni kinyume cha masharti ya mitandao ya kupangisha, unaweza kuondolewa, na kwa haki tu ya kibinadamu haifai. Chuja kwa idadi ya watu, tarehe na kukubali masharti ya nyumba.

---

#4 – picha_na_mwanga

Niongezee upande wa picha, maana hapo ndipo wengi wanapoangukia.

Kwenye kompyuta, ukurasa wa Airbnb unaonyesha picha tano kwanza. Tano hizo zijibu maswali matano: nje panaonekanaje, nitalala wapi, choo na bafu vikoje, nitakaa wapi mchana, bahari iko vipi kutoka hapo. Makosa ya kawaida ni kuweka machweo matatu na mnazi mmoja. Machweo ni ya kila mtu, na kwa nyumba ya upande wa mashariki jua halizami hata baharini, linachomoza. Mgeni makini anaona picha ya machweo baharini kwenye tangazo la Jambiani anajua imeokotwa mahali.

Baraza inayotazama bahari upande huo ipigwe saa 12 na nusu hadi saa 2 asubuhi, jua likiwa linaangaza uso wa nyumba. Ukingoja jioni, nyumba inakuwa kivuli cheusi. Ukitaka maji yawe yamejaa asubuhi hiyo, angalia jedwali: kwa kawaida huwa siku nne hadi sita baada ya mwezi mpevu au mwandamo, kwa kuwa bamvua zenyewe hujaa kwenye saa kumi na hupwa kwenye saa nne.

Vyumbani: futa kioo cha kamera, simama kwenye kona, simu iwe usawa wa kifua, ukuta usimame wima. Washa taa zote na fungua mapazia. Usitumie lenzi pana sana ile ya 0.5. Chumba cha mita tatu kinaonekana ukumbi, na anayefika anakuta kitanda na njia ya kupita mtu mmoja. Maoni ya "kidogo kuliko picha" hayafutiki.

Mwisho, video ya sekunde 60 bila kukata, ianzie barabarani, ipite getini, iingie ndani hadi ufukweni. Watu wanaibiwa kwa nyumba zisizokuwepo, kwa hiyo aliyedhamiria kulipa anataka ushahidi kwamba geti lipo. Nje ya mitandao mikubwa, mpe pia simu ya video ya dakika tano.

---

#5 – hesabu_za_nyumba

Umeme, maji na intaneti. Hapa naomba namba, si "vipo".

Umeme wa Tukuza (mita ya kulipia kabla ya Zanzibar) ukikatika, mgeni atauliza kitu kimoja: nini kinaendelea kuwaka? Fanya hesabu. Feni tatu za wati 60 ni 180, ruta 12, taa sita za wati 7 ni 42. Jumla 234. Betri moja ya risasi ya 12V 200Ah ina wati-saa 2,400, lakini ukiitumia zaidi ya nusu unaiua mapema, kwa hiyo una 1,200. Ukitoa upotevu wa inveta unapata saa nne na nusu hivi. Andika hivyo: "Umeme ukikatika, feni, taa na intaneti huendelea kwa takriban saa nne, AC na jiko la umeme hazifanyi kazi." AC ya BTU 12,000 inavuta karibu kilowati moja. Usiahidi kuiendesha kwa betri hiyo.

Na AC ndiyo inayozua ugomvi wa Tukuza. Kuna wanaomwachia mgeni mita ajinunulie uniti. Kwa mtu wa siku nne hilo ni kero na linaonekana uchoyo. Chumba kimoja kikilala na AC kinaweza kula uniti 6 hadi 8, hivyo weka ndani ya bei. Kwa anayekaa mwezi, mpe kiwango kwa wiki, na kinachozidi alipie, iandikwe kabla hajalipa.

Maji: tangi la lita 2,000 kwa watu wanne wanaotumia lita 150 kila mmoja ni siku tatu na kidogo. Kama kisima ni cha chumvi, sema kwamba sabuni haitoi povu vizuri na maji si ya kunywa, halafu weka dumu la lita 20 la maji safi lenye pampu, bure. Chumvi hiyo hiyo inakula mabomba ya shawa na mapezi ya AC, hivyo kagua kabla ya kila mgeni wa siku nyingi.

Intaneti: pima asubuhi, mchana na saa mbili usiku, siyo mara moja, na andika kasi ya kupakia pamoja na ya kupakua. Anayefanya kazi akiwa likizo anaangalia kupakia, kwani mkutano wa video unataka kama megabiti 3 hadi 4 kwa sekunde bila kuyumba. Airbnb wana kipimo ndani ya programu yao kinachoweka kasi kwenye tangazo. Wageni wa mwezi mzima, ambao ndio wanaokujazia masika, wanaangalia sana kipengele hicho.

---

#6 – mkaa_forodhani

Kwa heshima zote, napingana na hii habari ya kuhoji kila mgeni kabla. Mgeni wa leo anataka kubonyeza na kumaliza. Ukimpa mtihani anakwenda nyumba ya jirani. Mimi nasema kuweka nafasi papo hapo kuwe wazi.

---

#7 – mwambao_kusini

Una hoja, na hatupingani sana. Airbnb inakuruhusu kufungua nafasi ya papo hapo ukaweka sharti kwamba mgeni awe na rekodi safi, na ukaweka ujumbe wa maswali anaouona kabla ya kuthibitisha. Maswali yale matatu yaingie hapo. Kwa nyumba ya chumba kimoja au viwili, fungua. Kwa nyumba ya vyumba vinne yenye bwawa, hasa wikiendi ndefu na sikukuu, ombi kwanza, kwa sababu hatari ya sherehe ni kubwa zaidi.

Kinachochuja zaidi ya maswali ni sera ya kufuta. Sera legevu humruhusu mtu kufuta hadi saa 24 kabla ya kuingia na kurudishiwa pesa. Kwa nyumba ya Paje ambako hakuna wapita njia wa kujaza usiku huo, hiyo ni hasara tupu. Ya kati ni siku 5. Kwa Krismasi na mwaka mpya tafuta kali zaidi inayoruhusiwa kwenye akaunti yako, na kima cha chini usiku 5 hadi 7. Miezi ya kawaida usiku 3 unatosha.

Kwa Booking.com tatizo lina sura nyingine. Ukiruhusu nafasi isiyodai malipo ya awali, wapo wanaoshika nyumba ili kupata karatasi ya kuonyesha kwenye ombi la viza, na wanaoshika nyumba nne za tarehe moja wachague baadaye. Weka bei mbili: moja isiyorudishwa, nafuu kwa asilimia 10 hivi, na nyingine inayorudishwa lakini yenye malipo ya awali. Kadi ikikataliwa, iripoti siku hiyo hiyo kwenye mfumo ili mgeni aambiwe airekebishe. Ukingoja hadi siku ya kuingia umepoteza usiku.

---

#8 – pwani_ya_kusini_diani

Wadau, salamu kutoka Diani. Huku sehemu kubwa ya wageni ni familia na marafiki kutoka Nairobi, hasa shule zikifungwa Aprili, Agosti na Disemba. Uchujaji wetu unaangalia kitu kimoja kuliko vyote: idadi ya watu. Nyumba ya watu sita, wanafika kumi na wawili, na inveta, tangi na choo vimepimwa kwa sita.

Suluhisho letu: bei ya msingi iwe ya watu wanne, kila wa ziada alipiwe kwa usiku, na kiwango cha juu kiandikwe mara mbili, kwenye masharti na kwenye ujumbe wa kwanza. Wageni wa mchana nao wahesabiwe. Mtunza nyumba apewe orodha ya majina kabla ya geti kufunguliwa. Hiyo peke yake inamwondoa anayetafuta ukumbi wa sherehe kwa bei ya nyumba, kwani hataki kutoa majina.

Kamera: za ndani Airbnb walizipiga marufuku tangu tarehe 30 Aprili 2024, hata sebuleni. Ya getini inaruhusiwa ikiwa imetajwa kwenye tangazo na mahali ilipo pameelezwa. Itaje. Mwenye nia njema huiona kama ulinzi wake.

Usafiri pia ni kichujio. Eleza njia kutoka stesheni ya treni ya SGR ya Miritini, Mombasa, kwa barabara ya Dongo Kundu au kwa feri ya Likoni, na muda wa kila moja. Anayeuliza "nikifika na treni ya usiku mna mtu wa kunipokea?" huyo anakuja.

---

#9 – ngalawa2

Na utapeli unaowalenga wenye nyumba? Naona ujumbe wa ajabu unaongezeka.

---

#10 – funguo_na_kufuli

Miundo mitatu inajirudia.

Wa kwanza ni malipo yaliyozidi. "Mgeni" anasema wakala wake atalipa, kiasi kinakuja kikubwa kuliko bei, anaomba umrudishie tofauti au umlipe dereva. Hundi au kadi ile inabatilishwa wiki kadhaa baadaye, na ulichorudisha kilikuwa chako. Dawa: hakuna kurudisha chochote kwa njia tofauti na ile pesa ilipoingilia.

Wa pili ni kiungo. Anaandika ndani ya mfumo kwamba mtoto ana mzio, fungua faili hili uone. Faili linaiba nywila, kisha akaunti yako inatumika kuwaandikia wageni wako halisi: "thibitisha kadi, la sivyo nafasi itafutwa." Usifungue faili wala kiungo. Washa uthibitisho wa hatua mbili, na mfanyakazi anayejibu ujumbe awe na akaunti yake, asitumie nywila yako.

Wa tatu ni picha ya muamala. Kwa wanaokuja moja kwa moja bila mtandao, usikubali picha ya skrini wala ujumbe uliotumwa kutoka simu ya mtu. Pesa ni ile iliyomo kwenye salio lako ulilolitazama mwenyewe. Kwa benki kutoka nje, mwambie achague ada zote zilipwe na mtumaji, ama sivyo zitakatwa njiani na utapokea pungufu.

Na mgeni aliyekuja kwa Airbnb asihamishiwe WhatsApp kulipa. Ni kinyume cha masharti, na ukiharibiwa kitu huna pa kudai. Madai ya uharibifu yafunguliwe ndani ya siku 14 baada ya mgeni kutoka, kwa hiyo piga picha kila chumba kabla hajaingia na saa ile ile anapotoka.

---

#11 – mkaa_forodhani

Nimeelewa hoja ya ujumbe wa papo hapo, nitarekebisha mtazamo. Kuna jambo halijaguswa: Ramadhani. Kwa miaka hii inaangukia ndani ya kaskazi, wakati wa wageni wengi.

---

#12 – mwambao_kusini

Hilo ni muhimu na wengi wanaogopa kulitaja. Mfungo husogea nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo weka alama kwenye kalenda mapema. Andika kwenye tangazo la miezi hiyo: mikahawa mingi ya kienyeji hufungwa mchana, hakuna kula wala kunywa hadharani, muziki ni mdogo, na kijijini mabega na magoti yafunikwe kama siku zote. Halafu ongeza unachotoa: jiko lenye vyombo, kapu la matunda na mkate, mpishi wa kuandaa futari kwa anayetaka. Yupo mgeni anayetafuta miji mitulivu na futari ya pamoja, na huyo akifika anakaa wiki.

Ujumbe wa kabla ya safari utume siku 10 kabla, si usiku wa kuamkia. Ndani yake: bima ya lazima ya Zanzibar kwa wanaotoka nje ya nchi, dola 44, iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024 na inanunuliwa mtandaoni kwa Shirika la Bima la Zanzibar, dereva kutoka uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume na bei yake kwa gari, si kwa kichwa, na saa ya kuingia kwa mfumo wa 14:00, kwa sababu dereva akimwandikia mgeni "saa nane", mgeni atahesabu kwa Kizungu na kumngojea saa mbili usiku.

---

#13 – ngalawa2

La mwisho kwa upande wangu: kalenda inabaki na pengo la usiku mmoja au mbili katikati ya wageni, na kima cha chini ni usiku 3. Zinaachwa tu?

---

#14 – hesabu_za_nyumba

Usiku mmoja uache, utumie kusafisha tangi, kuosha vyandarua na vichujio vya AC. Usiku mbili ushushe kima cha chini kwa tarehe hizo tu, na ufanye hivyo siku 14 kabla, sio mapema zaidi, maana ukifungua mapema unazuia anayetaka wiki nzima kama mgeni wa kabla au wa baada ya pengo atafuta. Ada ya usafi isibaki ile ile ya wiki. Kwa usiku mbili inaonekana kubwa kuliko kitanda chenyewe na tarehe hazitachukuliwa. Igawe, nusu iingie kwenye bei ya usiku. Na kama pengo liko kwenye wikiendi, litangaze kwa watu wa Dar wanaokuja na boti ya Ijumaa, kwa shilingi, pamoja na bei ya gari kutoka bandari ya Malindi, Unguja mjini, hadi mlangoni.